Nilivyopata jina la kikao cha simu katika kikundi chetu cha hisa

Katika daftari la mihtasari la kikundi chetu cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Lindi mjini, kuna ukurasa mmoja niliouandika mara nne. Ni wa Mei 2024, wiki ile ya kimbunga Hidaya. Mimi ndiye katibu.

Mvua ilinyesha bila kupumzika, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, na wenzetu waliokuwa wamekwenda kufuata mizigo na matibabu wakakwama huko huko. Kikundi kina wanachama 30. Katiba yetu inataka theluthi mbili ili kikao kiwe halali, yaani watu 20. Barazani kwa mwenyekiti tulikuwa 14. Na jambo lenyewe halikuwa la kusubiri: mwenzetu mmoja ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeanguka, watoto wanalala kwa jirani, na fedha za mfuko wa jamii, za kusaidiana wakati wa shida, zimo sandukuni.

Tukawapigia walioko Dar kwa WhatsApp, simu ya video ya watu wengi. Simu yangu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa juu ya sanduku, na kila walipozungumza ilibidi tuiname, kwa sababu mvua juu ya bati ilimeza sauti. Wakaingia saba. Niliwaita majina mmoja mmoja, kila mmoja akaitika, "Nipo." Dada mmoja picha yake iliganda mdomo ukiwa wazi, lakini sauti ikaja, "Mie nawasikia, endeleeni." Tukakubaliana. Wenye funguo zote tatu walikuwepo barazani, wakafungua sanduku, na fedha zikamfikia mwenzetu kabla ya magharibi.

Shida ilianza nilipoketi kuandika. Mihtasari yetu ina sehemu mbili za majina: waliohudhuria, na waliotoa udhuru. Wale saba niwaweke wapi? Nikaandika "waliohudhuria kwa zoom", kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema, hata simu ikiwa imepigwa kwa njia nyingine kabisa.

Kikao kilichofuata, nilipousoma muhtasari, mwanachama mmoja ambaye siku ile hakuwepo akasimama. Akauliza hiyo zoom ni nini wakati tulitumia WhatsApp. Halafu akauliza swali lililonikaa: katiba inasema kuhudhuria, hao saba walihudhuria wapi? Kama hawakuhudhuria, basi watu 14 walifungua sanduku bila akidi.

Sikumkasirikia. Fedha ni za watu, na katibu akiandika jina lisilo la kweli, kesho atamtetea nani? Nikaomba muhtasari usithibitishwe mpaka niurekebishe.

Niliazimia kwamba neno lolote nitakalolipata nitamsomea kwanza mama mkubwa. Yeye ni mmoja wa washika funguo, anasoma kwa kidole, polepole, na asichokielewa hakipitishi. Nilianza na "mkutano wa mtandao". Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama watu wa kampuni ya simu ndio wanakuja. Alikuwa sahihi. Kwetu mtandao kwanza ni ile minara: unatumia mtandao gani, leo mtandao hakuna. Kisha ni miungano ya vikundi, mtandao wa wakulima, mtandao wa wanawake. Maana ya tatu, ya intaneti, ndiyo niliyoitaka mimi, na yeye hakuifikia.

"Mkutano wa video" nao ukamfikisha kwenye kibanda cha video, pale vijana wanapolipa kiingilio kutazama sinema. "Mkutano mubashara" akaujua mara moja, ila kwa mpira: mechi inayoonyeshwa wakati ule ule inachezwa. Lakini sisi tuliokuwa barazani tulikuwa mubashara vilevile, kwa hiyo neno halikututenganisha na wale wa Dar. Telekonferensi sikuimaliza hata kuitamka. "Tele si nyingi, mwanangu?"

Mpwa wangu anayesoma chuo akaniletea "kikao pepe", akifuata barua pepe. Nililipenda, ni fupi. Barua pepe imekubalika na hakuna anayeshtuka. Ila barua pepe ilikuja na kitu chake, ikazoeleka maofisini kabla haijafika kwetu barazani. Kikao pepe kwa mama mkubwa kilikuwa mapepe, zile punje za mpunga zisizo na kitu ndani, zinazopeperuka ungo ukipigwa. Mtu asiye makini tunasema ana mapepe. Yaani wale saba walikuwa maganda, na sisi 14 ndio punje. Hapo niliona jinsi jina linavyoweza kumpunguza mtu bila aliyelitunga kukusudia.

Mzee mmoja msomi wa dini, jirani yetu, alinipa neno la upande wa pili. Alinieleza kuwa kuhudhuria, hadhara na hadhira ni ndugu, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwepo mbele ya wengine. Kinyume chake ni ghaibu. Akasema, "Basi andika kikao cha ghaibu." Nikamshukuru kwa heshima, lakini moyo ukakataa. Hapa kwetu ghaibu tunaisikia zaidi kwenye sala ya maiti aliyefia mbali. Wenzangu walikuwa hai, wakiitika majina yao.

Nikatazama na jinsi wenye ofisi wanavyoandika. Baraza la Mawaziri la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lilipokutana tarehe 18 Machi 2020 kwa sababu ya korona, mawaziri wakiwa kila mmoja nchini kwake, hapa tuliambiwa ni mkutano kwa njia ya video. Mahakama zetu zinasema mahakama mtandao. Hayo "kwa njia ya" yalinisaidia kuliko nomino zote nilizokuwa nazo, kwa sababu kikao kinabaki kikao kile kile. Kilichobadilika ni njia ya mtu kukifikia.

Nikagundua pia kwamba hata wenye teknolojia walihangaika na jambo hili. Mwaka 1964, kwenye maonyesho makubwa ya New York, kampuni ya simu ya Marekani ilionyesha chombo cha kupigiana simu huku mnaonana, ikakiita Picturephone, jina la chombo. Mwaka 1980 mwanasayansi Marvin Minsky akaandika kuhusu mtu kufanya kazi mahali ambapo mwili wake haupo, na jina alilolipa jambo hilo maana yake ni uwepo wa mbali. Huyu alimtazama mtu, si chombo. Nikasema ndiyo hiyo. Nilichokuwa natafuta si jina la simu yangu iliyoegemea kopo. Natafuta jina la alichofanya yule dada aliyeganda mdomo wazi.

Najua jina la chombo nalo huingia likija na chombo chenyewe. Kishikwambi, yaani tableti, kilikuwa neno la vitabuni mpaka sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nacho mlango kwa mlango, na baadaye walimu wakapewa. Leo mtoto wa darasa la tatu analitaja. Lakini karani alikuwa amekishika mkononi. Mimi nilihitaji neno litakalosimama ndani ya katiba hata simu hizi zikibadilika.

Nikamrudia mama mkubwa na sentensi badala ya neno: "Waliohudhuria barazani" na "Waliohudhuria wakiwa mbali, kwa simu ya kuonana." Hilo la simu ya kuonana lilikuwa lake mwenyewe, alikuwa akilisema siku zote anapoomba apigiwe mjukuu wake. Alipitisha kidole, akafika mwisho, hakuuliza kitu.

Kwenye kikao cha Julai tuliongeza kifungu: mwanachama atahesabiwa amehudhuria akiwa mbali endapo ameitwa jina akaitika, anasikia na anasikika. Picha si sharti, kwa ajili ya wenye simu za kitochi. Yule aliyenipinga ndiye aliyetaka tuongeze kwamba kabla ya kupiga kura majina yaitwe tena, na aliyekatika bando au mtandao, katibu aandike saa aliyokatika. Ni nyongeza nzuri, nimeitumia mara mbili tayari. Muhtasari wa Mei ukathibitishwa kwa kuandikwa upya, majina saba yakiwa chini ya kichwa chake.

Mwaka uliofuata mama mkubwa alipelekwa Dar kutibiwa macho. Ufunguo alimwachia mwenyekiti, kwa maandishi. Siku ya kikao alipigiwa, nikaita jina lake, akaitika "Nipo" kwa sauti kubwa kuliko ya yeyote barazani. Tulipomaliza akaniomba nisiikate simu kwanza.

"Umeniandika wapi?"

"Waliohudhuria wakiwa mbali, mama."

"Nisomee."

Nikamsomea yote, kuanzia jina la kwanza.