Jioni ya Uzi wa Buibui

Majira yale ya baridi, pale Sendai, Japani, Kijapani changu kilikuwa cha kadi. Upande mmoja kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, upande wa pili maana. Nikikariri usiku, asubuhi yamebaki machache. Jioni nakutana na neno lilelile kwenye tangazo la kituo cha basi, silitambui.

Aliyenitoa kwenye kadi ni mama mmoja mstaafu aliyejitolea kutufundisha wageni kwenye ukumbi wa mtaa, chumba kilichonuka mafuta ya taa ya jiko la kuotea moto. Jioni moja alinisogezea karatasi chache alizochapa kutoka Aozora Bunko, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1997, inayoweka bure kazi zilizokwisha hakimiliki. Ilikuwa "Kumo no Ito", Uzi wa Buibui, hadithi ambayo Akutagawa Ryūnosuke aliliandikia jarida la watoto la Akai Tori mwaka 1918. Kanji zilizonizidi nguvu alikuwa amezipachikia furigana kwa penseli, zile herufi ndogo za kukuonyesha matamshi. Maana hakuandika hata moja.

"Kamusi baadaye," alisema. "Kwanza mfuate mtu."

Mtu mwenyewe ni Kandata, jambazi aliyeua na kuchoma nyumba, sasa anatapatapa jehanamu. Jema lake moja duniani: aliwahi kumhurumia buibui, hakumkanyaga. Buddha, akitembea peponi kando ya bwawa la mayungiyungi, anamwona kule chini, anamteremshia uzi mmoja. Kandata anapanda. Nami nikapanda naye, mstari kwa mstari. Neno "noboru" sikulijua, lakini mtu anayetokea kwenye dimbwi la damu, ameshika uzi kwa mikono miwili, atafanya nini kingine? Lilirudi mara nyingi, na kila liliporudi lilikuwa limechoka zaidi, kwa kuwa Kandata alikuwa amechoka. Kadi hazikuwahi kunifanyia hivyo.

Msamiati wenyewe, tuseme ukweli, haukuwa wa dukani. Nilijua kusema dimbwi la damu na mlima wa sindano kabla sijajua kumweleza daktari wa meno ni jino lipi linauma.

Kisha Kandata akatazama chini, akaona wenye dhambi kibao wanamfuata kwenye uzi uleule, akapiga kelele: "Oriro! Oriro!" Yaani, shukeni! Hapo nikasita. "Orimasu" nilikuwa naisema kila siku basi likijaa, kwa adabu zote, watu wanipishe nishuke. Kitabu cha darasani kilitulea kwa adabu hiyohiyo. Humo hakuna aliyemfokea mwenzake. Mwalimu akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma.

"Hapana. Huyu ana hofu, uzi utakatika."

Nikavuta pumzi, nikaitoa kama konda wa daladala la Mbagala: "Oriro! Oriro!" Wazee waliokuwa wakicheza go, mchezo wa ubaoni, meza ya pili wakageuka wote. Mmoja akaitikia, "Hai, hai," ndiyo, ndiyo, akajifanya anainuka. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Uzi ulikatika, bila shaka, palepale alipokuwa amening'inia.

Wiki iliyofuata aliniletea "Botchan" ya Natsume Sōseki, riwaya ya mwaka 1906 kuhusu mwalimu kijana mwenye hasira za karibu. Kuna mahali kijana huyo anamtajia mwenzake matusi mfululizo ya kumwita bosi wao mmoja, bila kupumua. Mama alikuwa ameshauwekea ukurasa huo alama.

"Adabu umeshafundishwa ya kutosha," akasema.