"Mpila umetoka nje"

Utotoni wenzangu walikuwa wanataka udaktari na urubani, mimi nilitaka kutangaza mpira tu. Enzi hizo nyumbani Mbagala redio ni RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) utake usitake, na mzee akishafungulia mechi hakuna mtu kuongea. Fainali ya Kombe la CAF 1993, Simba na Stella Abidjan pale Taifa (siku hizi ndo Uwanja wa Uhuru), sikuiona, niliisikia. Kule Abidjan tulishatoka bila kufungana, kila mtu anajua kombe letu, tukapigwa mbili bila hapahapa nyumbani. Watu wa Yanga najua mlicheka. Watu wazima wanalia, mimi nawaza huyu jamaa wa redioni anawezaje kuendelea kuongea.

Basi nikawa natangaza chandimu mtaani, nimeshika kopo ndo maiki, mpaka wachezaji wenyewe wanasimama kucheka.

Redio za FM zilivyoanza kujaa mjini nikaona njia hiyo, nimemaliza fomu foo sina kazi, nikapeleka barua redio moja siitaji, nikaitwa. Nikapewa taarifa ya habari nisome, sio mpira. Aya ya pili sijafika mzee mmoja akanisimamisha, kwa upole kabisa, "Kijana, kwenu wapi?" Nikamwambia Kisarawe. Akacheka, eti Wazaramo bwana, r yenu mmeiacha wapi, kajifunze kuongea kwanza ndo uje. Na wenzake wakacheka.

Sasa mimi nimelelewa na bibi, na bibi mwenyewe alikuwa anasema sisi ni Wadzalamo, hiyo r ningeitoa wapi?

Kukosa kazi sio kulikoniuma, kazi tulikosa wengi. Ila toka siku ile nikawa najisikiliza nikiongea. Neno kabla halijatoka nalikagua kwanza kama lina r, lina r natafuta lingine, refa akawa mwamuzi, mpira ukawa soka, krosi sikuipatia mbadala mpaka leo. Na ukitangaza huku unakagua maneno mpira unakuacha, umeshafika golini wewe bado uko katikati ya uwanja. Chandimu nikaacha kutangaza.

Kwa taarifa ya habari yule mzee ana hoja, RTD ndo ilitufundisha wengi Kiswahili sanifu, sibishi. Ila mpira jamani? Mtu anataka kujua nani kapiga na imeingia au haijaingia.

Sasa hivi nahangaika na kutoa makontena bandarini, maisha yanaenda. Juzi kwenye daladala namsikia mtangazaji kijana, jina kubwa tu mjini, "mpila umetoka nje", hakuna hata aliyeshtuka, dereva ndo kwanza kaongeza sauti. Nilifurahi na roho ikaniuma hapohapo.

Mke wangu ananiambia fungua chaneli YouTube utangaze mwenyewe, siku hizi huombi ruhusa kwa mtu. Kweli kabisa. Ila mimi sikuwa nataka chaneli, nilikuwa nataka wale watu waniambie karibu.