"Kwenu wapi?": kumbukumbu ya mradi wangu, toleo la nne

Jamani nimerudi. Wiki tano kimya lakini mradi haujafa, nimeubomoa nusu nikaanza tena na leo nataka kuweka hapa nimefika wapi kabla sijasahau.

Kwa ambaye hajui, natengeneza hadithi ya kwenye simu, unasoma kidogo halafu unabonyeza kuchagua mhusika afanye nini. Mhusika ni msichana wa Kiaweer, jamii ndogo ya wawindaji na warina asali wa zamani, kutoka wadi ya Basuba, kaunti ya Lamu, kule ndani upande wa msitu wa Boni, amepata C+ yake na ameitwa chuo kikuu. Jina unampa wewe mchezaji pale mwanzo. Natumia Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas 2009, na niliichagua kwa sababu ukimaliza unapata faili moja tu, unamtumia mtu WhatsApp anaifungua hata akiwa hana bando.

Mchana niko saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na msimu wa maombi ukifika kazi yangu ni hiyo tu, KUCCPS (kuomba nafasi za vyuo), HELB (mkopo wa serikali wa masomo), fomu za basari, kuskani vitambulisho vya wazazi, asubuhi hadi adhana ya isha. Mwaka juzi akaja dada mmoja kutoka huko Basuba, tukakaa kujaza fomu moja ya basari, tukafika pale pa kazi ya baba. Unachagua kwenye orodha: mkulima, mvuvi, mfanyabiashara, mwajiriwa, hana kazi. Mimi mkono uko kwenye mausi namngoja. Akaisoma hadi chini, akarudi juu, akashuka tena, kisha akaniambia polepole, "Kaka, weka hana kazi." Nikaweka.

Baba yake anarina asali. Hilo nililijua siku aliyokuja kuchukua barua yake, akaniletea chupa ya maji ya nusu lita imejaa asali nyeusi ya msituni, vipande vya sega vinaelea juu, akasema hii ya baba. Yani mzee anajua miti yenye nyuki mmoja mmoja, anapanda usiku na moshi, kalea watoto kwa kazi hiyo, na mimi kwa mkono wangu nimeandika kwenye karatasi rasmi kwamba hana kazi. Sikulala vizuri siku hiyo. Ndio nikaanza kuandika.

Matoleo matatu ya kwanza nilikosea. Nilijaza huzuni kila ukurasa, msichana analia kwenye basi, analia hosteli, analia maktaba. Yule dada alipokuja likizo nikampa simu aicheze, tumekaa kibarazani nje ya saiba, akacheza kama robo saa hasemi kitu, halafu akaniuliza, "Kaka, huyu mbona hacheki?" Nikakosa la kusema. Akaniambia yeye chuo anacheka sana, ana marafiki, masomo anayaweza, kinachomchosha ni swali moja tu ambalo watu huuliza kwa nia njema kabisa: kwenu wapi?

Akanieleza hivi, nimeandika siku hiyohiyo karibu neno kwa neno. "Nikisema Lamu wanafurahi, wananiuliza Maulidi, punda, halwa, na mimi najibu kama mtu wa mjini. Nikisema Basuba wanauliza iko nchi gani. Nikisema mimi ni Mwaweer wanauliza ndio kina nani, nikieleza wanasema aaah, Waboni, nyinyi si ndio mnakula wanyama? Basi nasema Lamu. Lakini kila nikisema Lamu nahisi kuna mtu nimemwacha njiani."

Hilo jina Waboni hata sisi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, tumelizoea mdomoni na wengine wetu tunalisema kumaanisha mshamba, mtu wa msituni, wakati wenyewe wanajiita Waaweer. Nimelisema mimi pia, miaka. Na hiyo ya wanyama, kuwinda kulipigwa marufuku Kenya nzima 1977, huyo mwanafunzi anayeuliza hajazaliwa, pengine na mama yake hajazaliwa.

Kwa hivyo toleo la nne limejengwa juu ya hilo swali. Linakuja mara tisa, kwenye basi, foleni ya kujisajili, hosteli, darasani mhadhiri anauliza, kantini, na kila mara unapewa majibu yaleyale matatu, Lamu, Basuba, mimi Mwaweer. Hakuna jibu sahihi. Ukisema Lamu mambo yanakwenda haraka, ukurasa mmoja umepita. Ukisema Mwaweer unafunguliwa kurasa nne za kueleza, kila siku, na wewe una mtihani kesho. Nimewajaribisha watu kumi na moja mpaka sasa, wengi mara ya kwanza walieleza vizuri kabisa kwa moyo, ikifika mara ya tano wanabonyeza Lamu bila hata kusoma. Hapo ndipo nilipotaka wafike.

Sehemu ya kwanza ya nyumbani nimeipunguza. Shule za huko zilifungwa baada ya mashambulizi ya 2014, mwaka uliofuata operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ikaanza msituni, kuna watoto walifundishwa na wanajeshi maana walimu hawangeweza kukaa. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili za hayo, nimebakisha tatu. Si kwamba ni dogo, ila wasomaji wangu walikuwa wakifika hapo wanamwona kama habari ya saa moja usiku na hawamwoni tena kama mtu.

Nilichoongeza ni kitambulisho. Kuomba mkopo unahitaji kitambulisho, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na laini haisajiliwi bila kitambulisho, sasa ukichelewa kukipata kila kitu kimesimama hapo. Kwenye hadithi unafika ofisini unaambiwa rudi wiki ijayo. Unabonyeza "rudi wiki ijayo". Ofisi ileile, sentensi zilezile, isipokuwa pesa za nauli pale juu zimepungua. Mara sita, kwa sababu yule dada alienda mara sita. Rafiki yangu mmoja akanipigia simu kwamba programu imekwama, nikamwambia haijakwama, endelea kubonyeza.

Sasa ya ami yangu. Huyu ni mzee wa barazani, hapendi simu, na kabla sijampa aliniambia wazi kuhusu Waaweer, "Hao hawapendi kusoma, mwanangu, usijichoshe." Nikamsomea mimi kwa sauti, yeye anachagua kwa kidole. Tulipofika safari ya nne ya kitambulisho akanishika mkono akasema ngoja. "Hapa ofisi imefungwa jioni, gari la kwenda kwao hakuna saa hizi. Huyu mtoto usiku huo alilala wapi?"

Sikuwa nimeandika. Kurasa zaidi ya mia mbili na sikuwahi kujiuliza alilala wapi. Nikampelekea yule dada voisi usiku uleule, akanijibu kwamba alilala Mokowe, ng'ambo ya Lamu, pale jetini, kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, na yule mama alipofunga akamfunika leso akamwambia asubuhi ndoo unywe chai kwanza. Nimeuandika huo ukurasa kama alivyosema, nimeacha "ndoo" vilevile, sikuibadilisha kuwa njoo, na nikiangalia mradi wote naona ni ukurasa ulio bora kuliko zangu zote. Ami ameuliza mara mbili kama hadithi imeisha.

Ya kiufundi kwa ufupi: ndani ya Twine kuna mifumo tofauti ya kuendeshea hadithi, nimehama kutoka ule wa Harlowe kwenda wa SugarCube. Ile ya kwanza mtu akipigiwa simu katikati, akirudi amekuta mwanzo, na watu wawili walikata tamaa hapo. Sasa inahifadhi yenyewe. Picha nimetoa zote, faili imekuwa nyepesi sana.

Nimekuwa nikisoma pia ya Kanada, kwa sababu huko wameongea kuhusu wanafunzi wa jamii za asili kwa muda. Tume yao ya ukweli na maridhiano ilitoa miito 94 mwaka 2015, na mmoja unataka vyuo vikuu vianzishe digrii na diploma za lugha za jamii hizo. Nilipousoma nilisimama. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 56, inasema jamii ndogo zipewe nafasi maalum za elimu, sawa, lakini Kiaweer, lugha ya Kikushi iliyo karibu na Kisomali, mimi nimekaa saa chache tu kutoka kwao maisha yangu yote na sijui hata kusalimia. Hadithi nzima nimemwandika anawaza kwa Kiswahili.

Hilo likanirudisha kwenye fomu. Nilitaka kuongeza kwenye ile orodha ya kazi sehemu ya "andika mwenyewe", yule dada akakataa, akasema fomu yenyewe haikuwa nayo, iache mchezaji akwame kama yeye alivyokwama. Tukakubaliana iwe mbele zaidi. Mwisho wa muhula, usiku, stima zimepotea hosteli, mwenzake wa chumba anamuuliza, "Na baba ako hufanya kazi gani?" na hapo hakuna orodha, kinafunguka kisanduku cheupe uandike unavyotaka.

Jumamosi alikuja akajaribu. Akafika hapo akatulia, kisha akaandika kwa Kiaweer, mistari miwili, anaandika anatabasamu. Sikumuuliza maana yake. Ila kisanduku nilikifanya kidogo, neno la mwisho limekatika skrini haikulionyesha lote, kwa hivyo kazi ya wiki hii ni kukipanua.