Dagaa wa kwanza wa binti yangu, mwaka ziwa lilipofungwa

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki wapumzike wazaliane, na pale mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, wanapotia nanga wavuvi, ambako siku zote dagaa wameanikwa mpaka unatafuta pa kukanyaga pakawa peupe. Sasa katikati ya huo mfungo ndo binti yangu anatimiza miezi sita, na mimi nilishajiapiza zamani kwamba chakula chake cha kwanza lazima kiwe na dagaa.

Nieleze kwanza kwa nini nilikomaa na dagaa. Kuna siku kliniki nesi alitukalisha kinamama kwenye benchi, akatuambia mtoto anazaliwa na akiba ya madini chuma aliyotoka nayo tumboni, akifika kama miezi sita ile akiba inakuwa imeshuka sana, na maziwa ya mama pamoja na uzuri wake wote yana madini chuma kidogo. Kwa hiyo mtoto haanzishwi chakula eti kwa sababu maziwa ya mama yameisha nguvu, hapana, kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili na hata zaidi, chakula kinakuja kuongezea pale palipopungua. Afu akasema msiende kujibana mnunue makopo ya watoto dukani, nyie watu wa Kigoma mna dagaa na mawese, mnataka nini tena? Hiyo kauli ilinikaa kichwani mpaka leo.

Maana mtaani kwetu Mwanga presha ilianza mapema sana. Mtoto wa miezi mitatu akilia usiku, asubuhi jirani anakuambia hashibi huyo mpe uji. Siwasemi vibaya, wengi wao wanatoka alfajiri kwenda sokoni au mwaloni mtoto anabaki na dada yake mdogo, uji ndo kitu kinachowezekana. Ila ule uji mwepesi wa kwenye chupa naomba niseme ninavyoamini, ule ni maji yenye rangi. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji yale anasusa titi, na alichokiacha kwenye titi ni kikubwa kuliko alichokipata kwenye chupa. Nilinyonyesha tu mpaka miezi sita ikatimia, hata maji sikumpa.

Basi nikaanza kusaka dagaa. Waliokuwepo sokoni walikuwa wale waliobaki, bei imepanda na ukiwashika mkononi unasikia mchanga, na mimi mtoto wa miezi sita nikimpa mchanga si nitakuwa namuua. Wifi yangu akaniona nahangaika akaniletea unga wa lishe aliosagisha mwenyewe, mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, vyote humo. Alifanya kwa upendo na nilimshukuru sana, ila nikamwambia wifi huu tunywe sisi wakubwa. Nesi alishatukataza kurundika kila kitu kwenye unga mmoja, kwa sababu ulezi unaiva mapema na soya inataka moto mrefu, unaepua uji unadhani umeiva kumbe soya iko mbichi, afu karanga na mahindi yakikaa vibaya yanaota sumukuvu na hiyo kwa macho huioni wala kuichemsha haiishi. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa mahindi yenye hiyo sumu. Wifi hakufurahi, alininunia kidogo.

Ikafika Jumapili ya Sabasaba. Mume wangu yuko nyumbani, wifi yupo, na mama mkwe katoka Ujiji na bajaji kuja kumuona mjukuu. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na akisema kitu ndani ya ile familia hakuna wa kupinga, sasa mimi nilikuwa sijui upande wake ni upi kwenye haya mambo ya uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, mjukuu wangu keshaanza kula?"

"Bado mama, miezi sita ndo imetimia juzi."

"Vizuri. Nileteeni sufuria na kinu."

Akafungua mkoba wake akatoa kopo la plastiki, ndani dagaa weupe safi wanang'aa. Kumbe alinunua kabla ziwa halijafungwa akawaficha. Akanionyesha mmoja kwenye kiganja, akasema hawa wa chanja, sijawahi kumlisha mtoto dagaa wa chini. Kwa asiyejua, dagaa wetu kuna wanaoanikwa chini kwenye mchanga na kuna wanaoanikwa juu kwenye vichanja vya nyavu, na wa chanja wana bei yake. Nilitamani kumkumbatia pale pale ila mama mkwe huwezi kumkumbatia ovyo.

Yale mapishi nayakumbuka yote. Aliwachambua mmoja mmoja akatoa vichwa na utumbo kwa sababu ya uchungu, akawaosha kwa maji ya moto mara mbili, akawakausha kwenye sufuria kavu moto mdogo mpaka wakawa wanavunjika wenyewe, ndo akawatia kwenye kinu. Alitwanga taratibu huku anaongea na mtoto, baadaye akachekecha kwa kile kichujio changu cha chai mara mbili ili asibaki mwiba hata mmoja, ikatoka poda laini ya kahawia, nyumba nzima inanukia. Mimi huku nachemsha viazi vitamu, vile vya njano ndani. Vilipoiva nikaviponda na mwiko, akatia poda ya dagaa kijiko kimoja, akaongeza maji ya viazi kidogo sana. Wifi akasema mama ongeza maji hicho kizito. Mama mkwe akachota akainamisha kijiko, chakula kikabaki kimeshika, akasema kikimwagika hicho ni cha kunywa sio cha kula. Neno kwa neno karibu sawa na nesi, naye alituambia chakula cha mtoto kikae kwenye kijiko kisimwagike! Sijui kama aliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki kusikia hayo, nadhani aliyajua tu kwa kulea.

Mawese akaweka mwisho sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Nilimuuliza kwa nini asiyachemshe kwanza, akasema ukiyaunguza yanapauka na huo wekundu ndo chakula chenyewe. Na ni kweli, ule wekundu ndo mwili unautengeneza kuwa vitamini A, ukiyachemsha mpaka yawe meupe umeshaipoteza. Chumvi hakuna, sukari hakuna.

Akampakata yeye, mgongo wa mtoto kwenye kifua chake amekaa wima, mimi nikapiga magoti mbele na kikombe na kijiko cha chai. Kijiko cha kwanza ulimi ukakisukuma chote nje. Wifi: ona, hataki. Mama mkwe: hajakataa, ulimi wake unajua kunyonya tu, rudisha. Nikarudisha kidogo kwenye ncha. Kikaingia mbali kidogo akakohoa, macho yakajaa machozi, akatoa ule mlio wa kutaka kutapika, na wifi akaruka na kidole chake tayari amchokonoe mdomoni. Nilimshika mkono. Moyo ulikuwa unanidunda lakini nilikuwa namsikia mtoto, anakohoa kwa sauti maana yake hewa inapita, wa kuogopa ni yule anayenyamaza asiweze hata kulia, huyo ndo unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kiko chini unampiga kwa kiganja katikati ya mabega, mpaka mara tano. Kidole unasukuma tu ndani zaidi. Akakohoa tena, akarudisha chakula mbele, akatafuna kwa fizi zake zisizo na jino hata moja, na akameza. Tuliona shingo ikimeza. Mume wangu kwenye mlango akapiga makofi mtoto akashtuka karibu alie.

Kijiko kilichofuata akakifuata mwenyewe na mdomo. Wallahi. Akakishika kijiko na mkono wangu pamoja akavuta, mawese mpaka kwenye nyusi.

Alikula vichache tu akageuza uso pembeni. Wifi akataka tumalizie kilichobaki kwenye kikombe, mama mkwe akamkatalia hapo hapo, akigeuza uso kashiba mwacheni, akanipa mtoto akasema mnyonyeshe. Akanyonya kama kawaida yake akalala na mdomo una rangi ya mawese, gauni langu la kitenge doa lile halijatoka mpaka leo.

Alipokuwa anaondoka jioni akaniachia lile kopo zima, na mume wangu akaambiwa kabisa mbele yetu kwamba dagaa hao sio wake. Wifi ndo alimsindikiza mpaka barabarani kwenye bajaji, aliporudi akaniomba nimwelekeze vizuri ule unga autengeneze vipi, mahindi peke yake au na ulezi, kwa sababu na yeye alikuwa na mimba ya miezi minne na alikuwa hajamwambia mtu.