Nilivyopata kampaundi mbili mpya kwenye kiazi cha okidi, baada ya kuambiwa "chemsha tu"

"Hiyo ni dawa ya kuchemsha, kwa hiyo ichemshe tu, vitu vyake vitatoka." Ushauri huo nilipewa na mtu mwenye vyeti vingi kuliko mimi, nami nikautii. Okidi yenyewe ni Bletilla striata, ambayo Wachina huiita baiji na kutumia viazi vyake kuzuia damu na kutibu vidonda.

Nilichopata ni gundi. Kiazi hicho kimejaa glukomanani, sukari yenye minyororo mirefu inayovimba ikikutana na maji. Unga ulivimba, ukapanda, ukaziba karatasi ya kuchujia kabla hata kikombe hakijajaa. Nikaongeza maji, ute nao ukaongezeka. Nikawasha pampu ya ombwe: karatasi ikachanika, ute ukabaki unaning'inia kwenye faneli kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Chupa niliyoiacha hadi asubuhi haikusafishika tena. Mshauri wangu aliposimuliwa akasema labda moto ulikuwa mdogo!

Dawa yake ni ethanoli ya asilimia 95. Glukomanani haiyeyuki humo, inabaki kwenye makapi, na fenoli, yaani kampaundi nilizokuwa nikizitafuta, ndizo zinazotoka. Kuloweka tu kunatosha, moto wa nini? Dondoo likikauka, heksani inaondoa mafuta, kisha ethili asetati inabeba mali. (Viazi vyangu vilikuwa vya kupandwa. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo usivushe mpaka bila kibali, hata kama ni mfuko mdogo.)

Ushauri mbovu wa pili: "Silika jeli inatosha mwanzo mpaka mwisho." Silika ni unga unaojazwa kwenye kolamu, bomba la kioo la kutenganishia kampaundi. Humo, bibenzili na fenanthrini zangu, makundi mawili ya fenoli hizo, zilishuka zimeshikana mikono, hata nibadilishe kiyeyushi namna gani. Kilichonitoa ni Sephadex LH-20, jeli nyingine ya kolamu, kwa methanoli. Fenanthrini ni bapa, pete zake tatu zinang'ang'ania jeli, wakati bibenzili inayojikunja inatangulia. Raha yake sasa: nilizima taa za chumba, nikamulika kolamu kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, nikaona mkanda wa buluu ukishuka polepole ndani ya kioo. Ulipokaribia bomba nikabadilisha chupa. Nilikusanya kwa macho tu, na aliyekuwa akinicheka siku hizi anaazima taa yangu. Jeli hiyo bei yake inauma, ila unaiosha na kuitumia tena na tena.

Usisafishe kila kitu. Chungulia NMR mapema, kipimo kinachoonyesha haidrojeni na kaboni za molekuli zimekaaje, hata sampuli ikiwa chafu. Ishara iliyojitenga karibu na 9.3 ppm (kizio cha mizani ya NMR) ni haidrojeni ya fenanthrini iliyobanwa kwenye kona. Kwenye kaboni, CH2 mbili za bibenzili hukaa karibu na 38 ppm, za dihidrofenanthrini, jamaa ya fenanthrini, karibu na 30. Kwa dalili hizo na uzito wa molekuli kutoka spektromita ya masi, unagundua kwamba karibu kila ulichonacho kina jina tayari. Weka kando bila huruma. Nguvu zote nilizipeleka kwenye vichupa viwili ambavyo hifadhidata hazikuvitambua, miligramu chache tu kila kimoja.

Halafu kuna kiyeyushi kinachokutengenezea "kampaundi mpya" mwenyewe: methanoli ikikutana na asidi inaweza kuzaa esta ya methili ambayo mmea haukuwahi kuwa nayo. Ndiyo maana nilirudi kwenye dondoo ghafi la ethanoli, lisiloguswa na methanoli, nikazitafuta zote mbili humo kwa spektromita. Zilikuwemo.

Moja ni fenanthrini pacha, molekuli mbili zilizounganishwa kwa mhimili. Mhakiki wa makala yangu akataka nieleze mhimili huo umepinda upande gani, kulia au kushoto. Kipimo cha mzunguko wa mwanga, ambacho huonyesha upande huo, kilisoma sifuri. Nikamkumbusha kwamba blestriarene C, ndugu yake kutoka okidi hiyohiyo, hupoteza upande wake haraka, ikawa mchanganyiko wa kulia na kushoto, ikipigwa na mwanga wa taa za kawaida, na yangu ilikuwa imekaa mezani bila kufunikwa. Nikaandika kuwa ni mchanganyiko wa pande zote mbili, naye akaridhika. Ile ya pili, bibenzili, hakuna aliyeihoji.