Chozi la Jicho Moja

Jumapili nilikuwa nakata vitunguu, mwanangu akaniangalia, kisha akamwangalia bibi yake barazani. "Mama, wewe unalia macho yote. Mbona bibi analia moja tu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi kwenye kile chumba cha daktari.

Miezi saba tulikuwa tunaambiwa ni maambukizi ya kifuko cha machozi. Matone, vidonge, matone tena. Kila asubuhi nilimkanda mama, bibi yake huyu, kwa maji moto, nikaubinya uvimbe ule kando ya pua kama nilivyoelekezwa. Usaha hautoki.

Daktari huyu mwingine aliweka kidole juu ya uvimbe, akanyamaza. Wa maambukizi, alieleza, kwa kawaida hukaa chini ya ule ukano unaoshika kona ya jicho. Wa mama ulikuwa mgumu, hauumi, na umepanda juu yake. Akachukua sindano butu, akaiingiza kwenye kitundu cha kope ya chini, akasukuma maji ya chumvi taratibu.

"Mama, ukisikia chumvi kooni niambie."

"Bado, mwanangu."

Akasukuma tena. "Bado." Maji yakarudi kwa kitundu cha juu, yakamtiririka shavuni, yana wekundu.

Akauliza kama aliwahi kutokwa na chozi lenye damu. Nikasema hapana, upesi, maana mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Mama akanishika mkono.

"Lilitoka. Tangu Ramadhani. Nilikuwa naufua upindo wa kanga kabla hujaamka."

Yaliyofuata yalikwenda mbio: picha ya CT, kinyama kikapelekwa maabara, jibu likaja saratani. Wakaondoa kifuko na mfereji wake wote, kisha wiki za mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Mwaka wa sita huu anakwenda kupimwa, haijarudi.

Kama ningeiona ile kanga tungewahi? Siku nyingine nasema alinificha ili nipate usingizi. Siku nyingine nahisi niliona dalili, nikang'ang'ania matone kwa sababu ya hofu. Sijathubutu kumuuliza.

Mtoto alichoka kunisubiri, akamwendea mwenyewe. Nikamsikia mama: "Machozi ya watu hushukia puani, mjukuu wangu. Ya kwangu njia ilikatwa, ndiyo maana yanapita nje."

Akajifuta kwa upindo wa kanga. Mtoto akaushika autazame, nami nikachungulia kutoka jikoni. Maji matupu.