Kwenye Reli ya Jura, Nikifuata Bezeli

Nilikwenda Uswisi kwa ajili ya bezeli, ile pete inayozunguka kioo cha saa ya mkono na ambayo mvaaji huigeuza kwa vidole. Nakusanya saa za kazi, zile kuukuu zilizoundwa kwa wazamiaji na marubani. Kila ninavyozidi kuzishika ndivyo ninavyoamini kwamba ukitaka kujua saa fulani ilitengenezwa imsaidie nani, usihangaike kuifungua. Itazame pete yake.

Nilipanda treni Biel, mji wa kampuni ya saa ya Omega, ambako majina ya mitaa yameandikwa kwa Kijerumani na Kifaransa. Reli hufuata mto Suze na kupanda milima ya Jura hadi La Chaux-de-Fonds. Nilishuka Villeret, kijiji ambacho abiria wengi hukipita tu. Kampuni ya saa ya Blancpain ilianzia hapa mwaka 1735, na mwaka 1953 ikatoa Fifty Fathoms, saa ya wazamiaji iliyopewa jina la kina cha pima 50, yaani mita 91 hivi. Mkuu wa kampuni wakati huo, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji mwenyewe, na aliwahi kuishiwa hewa akiwa chini ya maji. Maofisa wawili wa kikosi cha wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, nao walikuwa wakitafuta saa ya kuwapimia muda chini ya maji.

Nilitembea kijijini nikiwaza jinsi jibu lao lilivyokuwa jepesi. Kabla ya kuzama, unaleta alama ya bezeli mbele ya mshale wa dakika. Baada ya hapo mshale wenyewe unakusomea muda uliopita, bila hesabu yoyote kichwani, hata baridi ikiwa imekugandisha vidole. Baadaye zikaja bezeli zinazogeuka upande mmoja tu, na hapo ndipo ninapoona akili kubwa zaidi: pete ikigongwa mwambani, inaongeza dakika zinazosomeka, haizipunguzi. Kosa linampandisha mtu juu mapema, halimcheleweshi huko chini.

Saint-Imier iko hatua chache mbele, na ndiko nyumbani kwa Longines, kampuni nyingine ya saa. Huko swali lilitoka angani. Dunia inavyozunguka, sekunde nne za kosa kwenye saa humpoteza rubani anayepima nyota ili ajue alipo kiasi cha maili moja ya baharini kwenye ikweta, na saa nyingi za zamani hazikuruhusu mshale wa sekunde urekebishwe. Philip Van Horn Weems, ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani, akaamua mshale uachwe uende zake: kinachozungushwa ni duara la sekunde, mpaka lilingane na mlio wa saa wa redioni. Saa za awali za Longines za mfumo huu zilikuwa na kisahani kinachogeuka katikati ya uso. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye bezeli, na skrubu ndogo pembeni ya kuikaza isisogee. Charles Lindbergh, baada ya kuvuka Atlantiki mwaka 1927, alisaidia kubuni saa nyingine ya Longines yenye bezeli ya kusaidia kupata longitudo. Mimi bado navutiwa zaidi na ya Weems.

La Chaux-de-Fonds iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Moto uliuteketeza mji mwaka 1794, ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, na madirisha mengi hupata mwanga ambao mafundi saa waliuhitaji. Kwenye jumba la makumbusho ya saa nilikaa mpaka miguu ikalalamika. Lakini vitu vilivyo nyuma ya kioo hutazamwa tu, nilitaka kushika.

Fundi mmoja mzee aliniwekea mezani GMT-Master ya mwanzo, ya miaka ya 1950, saa ambayo Rolex iliiunda kwa marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani. Bezeli yake ni bakelaiti, plastiki ya zamani, na namba zimepakwa kwa chini rangi ya radiamu, madini ya mionzi yanayoifanya ing'ae gizani. Bakelaiti hupasuka, kwa hiyo nyingi ziliondolewa na kuwekwa alumini, na ndiyo sababu iliyosalia mahali pake ni adimu sana. Hii ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Sikuthubutu kuizungusha.

Fundi huyo huanza kukagua saa gizani. Nguvu ya tritiamu, dutu nyingine ya mionzi iliyotumika kwenye rangi za saa, hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya mwaka 1965 ambayo kitone cha bezeli kinawaka usiku kucha imebadilishiwa kitone, muuzaji aseme atakavyo. Radiamu huishi zaidi, lakini rangi yake huchoka ikaacha kung'aa, huku kipima mionzi kikiendelea kulia.

Nilichonunua ni Doxa Sub 300, saa ya uso wa chungwa iliyotoka mwaka 1967. Bezeli yake ina duara mbili za namba, kina na dakika, kutoka jedwali la Jeshi la Majini la Marekani: kwa futi 100, mwisho dakika 25, kisha unapanda moja kwa moja hadi juu. Rangi imekwaruzika hasa upande ambao kidole gumba hushika. Nilimwomba fundi aisafishe mashine na kubadilisha mpira wa kuzuia maji.

"Na bezeli, mzee—"

"Siigusi," akasema, akiwa tayari ameshaandika hivyo kwenye karatasi yake.